Nani alinyamazisha chakacha?

TikTok ikishajua unapenda mambo ya kizamani, haikuachi. Wiki mbili hizi imekuwa ikinimiminia shoo za baleski, ile kabare ya zamani iliyorudi kwa kishindo London na Paris. Taa nyekundu, saksafoni, manyoya ya mbuni, glovu zinazofika kwenye kiwiko. Mwanamke anatembea jukwaani taratibu kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote, na watazamaji wamevaa suti za babu zao wanapiga makofi. Nikashuka kwenye kamenti. Watu wa Pwani walikuwa washajaa huko, wanagombana.

Kambi ya kwanza inasema: wenzetu wakifanya ni sanaa, sisi tukikata kiuno tunaitwa malaya. Kambi ya pili inasema: hayo ni mambo ya Wazungu, Mswahili hana mila hiyo, msituletee. Wamevutana mpaka wamefika kwenye kutukaniana wazazi.

Mimi nikaona hii haitoshi kwenye kamenti. Kambi zote mbili zina shida moja: zote zinaangalia kiuno tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, je, huyu mwanamke alikuwa anasema nini? Na ukifuatilia hilo swali, unagundua stori ya baleski na stori ya chakacha yetu zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Zote mbili zilianza na wanawake wenye ulimi mkali. Zote mbili zikapewa jukwaa kubwa zaidi. Na kwenye zote mbili, jukwaa likameza maneno likabakisha mwili.

Ilianza kama dhihaka

Neno baleski mzizi wake ni Kiitaliano, burla, yaani mzaha. Mwaka 1868 mwigizaji wa Uingereza anaitwa Lydia Thompson alivuka bahari akaingia New York na kundi lake la wanawake, British Blondes. Mchezo waliofungua nao uliitwa Ixion, hadithi ya miungu ya Wagiriki iliyogeuzwa kuwa kichekesho. Wanawake ndo walicheza nafasi za wanaume. Walivaa soksi za kubana zilizoonyesha miguu yote, wakati ambao mwanamke wa heshima alificha hata kifundo cha mguu. Kisha wakasimama mbele ya ukumbi uliojaa na kuanza kucheka wakubwa na mambo ya mjini.

Magazeti yalichemka, wahubiri wakachemka. Miguu peke yake watu wangeizoea. Kilichowauma ni miguu inayojibu: mwanamke amesimama pale, anajua unamtazama, naye anakutazama vilevile na anakutania. Mtu wa hivyo huwezi kumfanya pambo la ukutani.

Kwa hiyo weka akilini vitu vitatu vya baleski ya mwanzo: dhihaka, kuigiza mavazi ya wakubwa, na ulimi. Sasa turudi nyumbani.

Mombasa nayo ilikuwa na shoo zake

Kuanzia miaka ya 1890, mwambao wa Kenya ulikuwa na kitu kinaitwa beni. Jina limetoka kwenye neno bendi. Vijana waliona gwaride na bendi za Wazungu, wakachukua tarumbeta, ngoma, sare na vyeo, wakatengeneza ngoma yao wenyewe. Mombasa ilikuwa na vikundi mahasimu vilivyojulikana sana, Kingi na Scotchi. Mtu ambaye mchana hana cheo chochote, siku ya beni ana mabega yenye nyota na watu wanampigia saluti. Walishindana kwa mavazi, kwa chakula, kwa nyimbo za kupasua upande wa pili. Kile alichokifanya Lydia Thompson na miungu ya Wagiriki, vijana wa Mombasa walikifanya na maafisa wa Kiingereza.

Na wanawake je? Wanawake walikuwa na lelemama.

Kama hujawahi kusikia, usijilaumu, hata mimi darasani hakuna aliyenitajia. Lelemama haikuwa ngoma ya kuruka. Ni mstari wa wanawake, sare moja, mikono na mabega yanakwenda polepole, na kazi yote inabebwa na wimbo. Nguvu ilikuwa kwenye vyama vyenyewe. Vilikuwa na viongozi, vyeo, michango na mahasimu. Mombasa ilikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada, na ushindani wao haukuwa wa mchezo. Huyu akishona sare mpya, yule atashona ya ghali zaidi. Huyu akipika, yule atapika mpaka mtaa ushindwe kumaliza. Na nyimbo zilikuwa gazeti la mtaa. Ukifanya la aibu ukadhani hakuna aliyekuona, utalisikia limeimbwa kwa mafumbo, jina lako halikutajwa, lakini kila mtu anageuza shingo kukuangalia wewe.

Jambo lingine: hali ya utumwa ilifutwa kisheria kwenye mwambao wa Kenya mwaka 1907. Yani kina nyanya waliocheza lelemama, wengine walikuwa mabinti na wajukuu wa watumwa, wengine ni wa koo za waungwana. Kwenye chama walisimama mstari mmoja, sare moja. Daraja hazikuisha, tusidanganyane, lakini ni sehemu chache sana za mji huu ambapo watu wa asili hizo mbili walikuwa wanapanga mambo pamoja.

Sasa sikia hapa pazuri. Miaka ya 1950, vyama vya wanawake Waislamu vya kisasa vilipoanza Mombasa, kimoja kikiitwa taasisi na kingine chama cha utamaduni, havikutoka hewani. Vilikulia kwenye mitandao na ushindani uleule wa lelemama. Wanawake walishajua kuchangisha pesa, kuitisha mkutano, kugawa kazi na kumnyima mtu usingizi kwa wimbo. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, wanawake Waarabu wa Mombasa walipeleka ombi kwa serikali ya kikoloni wakidai haki ya kupiga kura, maana wanaume wao walishapewa na wao wakaachwa. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele, Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, maisha yake yameandikwa kwenye kitabu cha Wanawake Watatu wa Kiswahili, pamoja na ya Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Mishi wa Abdala. Kitafute. Ni watu wa mji huu huu, wanasimulia kwa Kiswahili cha mji huu huu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ngoma za wanawake ni upuuzi wa kupoteza wakati, muulize yeye chama chake kilidai kura mwaka gani.

Na hii haikuwa ya kisiwani peke yake. Sisi wa mainland tuna yetu. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipotaka kuwainua Wagiriama wakatae kodi na kupelekwa kazi za lazima, hakuwa na redio wala gari la matangazo. Alikwenda kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, watu wakamfuata, wakikusanyika ndo anawaambia ujumbe. Waingereza walimkamata wakampeleka Kisii, kule bara kabisa, na bado akatoroka akarudi kwa miguu. Ngoma ilimtangulia, maneno yakafuata, na serikali ikaelewa hatari iko wapi. Haikuwa kwenye miguu ya mama mzee.

Nyuma ya mlango

Chakacha ni binamu wa karibu wa hizo ngoma. Ni ya Mombasa na Lamu, ni ya harusini, na ni ya wanawake kwa wanawake. Wanafunga leso kiunoni, ngoma inaanza taratibu, kiuno kinazunguka, halafu inakolea. Ndiyo, ina ashiki. Hakuna haja ya kuona haya kusema. Sehemu yake ni mafunzo: bi harusi anaambiwa mambo ya ndoa ambayo hakuna mtu atakaa kitako amsomee kama hotuba. Lakini sehemu nyingine kubwa ni utani. Wimbo unamchoma mume bahili, unamchoma wifi mdaku, unamchoma shoga aliyekopa asilipe. Wanawake wanacheka mpaka machozi. Kiuno na wimbo vinajibizana. Ukitoa kimoja, cha pili kinabaki kama sentensi iliyokatwa katikati.

Na kuna mlango. Hili ndo watu wa kamenti hawalioni kabisa. Angalia usiku wa kupamba mpaka leo. Wanawake wanakuja wamejifunika buibui, wanapita mlangoni, buibui linavuliwa, na chini yake kuna gauni ambalo Paris yenyewe ingeuliza fundi ni nani. Dhahabu, hina, nywele zimetengenezwa tangu asubuhi, marashi mpaka ukumbi unalewa. Bi harusi anakaa kwenye jukwaa lake amepambwa kama malkia. Ukumbi mzima ni shoo. Tofauti yake na kabare ya Paris ni moja: watazamaji wote wanajua lugha, wanajua watu wanaoimbwa, na mlango umefungwa.

Kwa hiyo kambi ya pili imekosea ikisema hatuna mila hiyo. Tunayo, tena ya miaka mingi. Na kambi ya kwanza imekosea ikidhani kinachotakiwa ni kuruhusiwa kuionyesha mbele ya kila mtu. Waliokuwa nayo walichagua nani aione. Uamuzi huo ulikuwa mikononi mwao.

Chakacha inapanda basi la hoteli

Halafu watalii wakaja kwa wingi. Ukiangalia ramani, utaona biashara yote ilijengwa juu ya mainland. Ndege za kukodi kutoka Ulaya zilitua kwenye uwanja wa huku Changamwe. Daraja la Nyali la sasa lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, na mabasi ya wageni yakawa yanapita kwenda hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Wa kwenda Diani walivuka feri Likoni. Na wafanyakazi wa hoteli hizo, wapishi, wasafishaji, walinzi na wachezaji ngoma, walikuwa wanalala Kisauni na Likoni.

Jioni ikifika, hoteli inataka burudani. Vikundi vya Mijikenda vikaja na ngoma zao, wanawake wamevaa hando, ile sketi ya kitambaa yenye mikunjo mingi inayojaza nyonga. Bendi zikaja. Them Mushrooms walitoa Jambo Bwana mwaka 1982, na sina haja ya kukukumbusha inavyokwenda, umeshaanza kuiimba kichwani. Mombasa Roots wakachukua mdundo wa chakacha, wakautia gitaa na kibodi, wakaufanya disko. Ule mdundo uliokuwa nyuma ya mlango sasa uko kando ya bwawa la kuogelea.

Mimi siwezi kuwalaumu wanamuziki. Ile ilikuwa kazi, ililipa kodi ya nyumba na karo, na nyimbo ni tamu mpaka leo. Lakini fikiria ukumbi wenyewe. Anayelipa ametoka Ujerumani au Uingereza. Hajui Kiswahili. Ukimwimbia fumbo la mume bahili, anatabasamu tu. Ukitaja wifi mdaku, anatabasamu vilevile. Lakini kiuno kikizunguka, anapiga makofi na kutoa kamera. Kwa hiyo mchezaji afanye nini? Mwenye hoteli afanye nini? Fumbo linafupishwa, halafu linatolewa, halafu wimbo unakuwa maneno kumi ya Kiswahili rahisi ambayo mgeni anaweza kurudia. Kiuno kinaongezewa dakika.

Hakuna aliyepitisha sheria ya kunyamazisha chakacha. Ilinyamazishwa na mtazamaji asiyejua lugha. Anayelipa haelewi maneno, maneno yanakosa soko, basi.

Na ile kazi yenyewe haikuwa na kinga. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na ghasia zikasambaa, watalii walikatisha safari na hoteli zikabaki tupu. Mwaka 2014 tena, serikali ya Uingereza ilipoonya watu wake kuhusu Mombasa, kampuni za utalii zikaondoa wageni wao katikati ya likizo. Lelemama ilikuwa na chama. Mwenzako akikwama, mnachanga. Mchezaji wa hoteli alikuwa na shoo ya usiku ule tu. Mgeni asipokuja, hakuna shoo.

New York ilipitia njia hiyohiyo

Kabla hujasema Wazungu wao walilinda sanaa yao, hebu sikia ilivyoishia. Baleski ya Lydia Thompson, ile ya dhihaka, haikudumu. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, wenye kumbi waligundua kwamba mteja anayelipa haraka zaidi anataka kuona nguo zinavuliwa kipande kipande. Vichekesho vilibaki vya kujaza muda, tena mara nyingi vikafanywa na wanaume. Mwanamke aliyekuwa anaongea akawa mwanamke anayevua. Halafu jamii ileile iliyokuwa inanunua tiketi ikageuka ikasema ni uchafu, na mwaka 1937 serikali ya jiji la New York chini ya Meya Fiorello La Guardia ikanyima leseni kumbi za baleski. Waliokosa kazi ni wale wanawake. Wenye kumbi walikuwa na biashara nyingine za kwenda.

Paris nako, mwaka 1925, alifika Josephine Baker, msichana mweusi kutoka Marekani, mwenye miaka 19. Mwaka uliofuata akacheza na ile sketi ya ndizi ambayo kila mtu ameiona kwenye picha. Wafaransa walitaka "Mwafrika" wa kwenye ndoto zao, naye akawapa, lakini ukiangalia uso wake kwenye filamu za wakati ule, anakodoa macho, anakunja uso, anawacheka. Aliwapa kiuno akabaki na utani. Baadaye akawa jasusi dhidi ya Wanazi, na mwaka 1963 akapanda jukwaa la maandamano ya Washington yaleyale aliyohutubia Martin Luther King. Alipopata nafasi ya kusema, alisema. Wengi wa waliocheza kumbi zile hawakupata nafasi hiyo.

Baleski mnayoiona TikTok leo ni ufufuo ulioanza miaka ya 1990, na wengi wa wanaoifufua ni wanawake wanaojaribu kurudisha kile kilichopotea: utani, majina ya kuchekesha, kumdhihaki mwanaume aliyekuja akidhani ameletewa chakula mezani. Tunapoitazama, tunachofurahia ni mwanamke aliyerudishiwa ulimi. Manyoya ni mapambo.

Waliokataa kunyamaza

Sisi pia tunao waliotoka nje ya mlango bila kuacha maneno nyuma. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, wa ukoo wa watumwa, aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hakuwa amekwenda kuonyesha sura. Nyimbo zake zilibeba habari za mji, dhuluma na mahakama zilizohukumu ovyo, na watu wa mwambao mzima walinunua santuri zile ili wasikie maneno.

Mombasa, Zuhura Swaleh aliingiza mdundo wa chakacha ndani ya taarabu, taishokoto ikilia nyuma yake, na mafumbo yakabaki mahali pake. Malika vilevile. Kanda zao zilizunguka kutoka maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service mpaka jikoni za Kisauni. Kanda ina kitu kimoja kizuri: haina picha. Unasikia mdundo wa kiuno lakini unabaki na wimbo, unaurudia, unamtumia jirani yako ujumbe kwa kuongeza sauti. Mama zetu wengi wamegombana mwaka mzima bila kutukanana hata neno moja, redio tu.

Na Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago mbele ya dunia nzima, sigara mkononi, uzee wake wote hadharani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Jaribu kumwita Bi Kidude kiuno. Hutaweza. Alikuwa na mengi mno ya kusema.

Sasa tuje kwenye simu zetu

Hapa ndo naandika kama mtu wa kontenti. Mlango wa kwanza chakacha ilitoka ikaingia hotelini. Mlango wa pili ni simu, na huu unatisha zaidi, kwa sababu hotelini angalau mchezaji alijua yuko jukwaani.

Sote tumeona zile klipu. Usiku wa wanawake, harusi ya watu, mtu amejificha na simu chini ya mkoba, sekunde kumi na tano za msichana amefunga leso anacheza na mashoga zake. Sauti ya ukumbini imetolewa, imewekwa wimbo mwingine wowote unaovuma. Kichwa cha habari kimeandikwa na mwanaume ambaye hakualikwa. Kufikia asubuhi imeshafika kwa kaka zake, kwa bosi wake, kwa ustadhi wa mtaa. Wimbo uliokuwa unaimbwa ulikuwa unamtania bi harusi, hakuna atakayejua. Utani umefutwa, ukumbi umefutwa, bi harusi amefutwa, kimebaki kiuno na uso wa mtu anayeishi Likoni na ambaye Jumatatu lazima apande feri pamoja na watu walioiona.

Hoteli ilichukua miaka kutoa maneno kwenye chakacha. Simu inatoa kwa kubonyeza mara moja.

Klipu za hivyo huwa natumiwa. Zingeniletea watazamaji kuliko hii makala, hilo nalijua vizuri. Siziposti, na sababu yangu hata si ya dini, ingawa dini nayo ina lake la kusema. Sababu ni kwamba yule msichana aliingia mahali penye mlango. Alichagua nani amwone. Mimi sina haki ya kumchagulia tena, na wewe huna.

Sheria pia iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu sura yako kuwa data yako. Mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ni klabu, mahali ambapo watu huenda kuonekana. Sasa fikiria ukumbi wa kupamba wenye mlinzi mlangoni anayekusanya simu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu nataka tufanye, sisi wa rika hili.

Kwanza, mlango ukifungwa, uheshimu. Kama kadi imesema hakuna simu, weka simu kapuni. Ukitumiwa klipu, ifie kwako. Na acheni kumuuliza msichana alikuwa anacheza nini. Muulizeni aliyerekodi alikuwa anatafuta nini.

Pili, anayetaka jukwaa apewe jukwaa kamili, pamoja na maneno. Wako vijana huku Mtopanga, Mikindani, Mtongwe wanaocheza vizuri kupita hao wa Paris, na wangependa kuonekana kwa jina lao na kulipwa. Hakuna kinachozuia Mombasa kuwa na usiku wake wa kizamani: sare za beni, leso za lelemama, taishokoto, mafumbo mapya kuhusu bei ya unga na foleni ya feri, na wachezaji wenyewe ndo wanaamua nani anaingia na kamera zinakaa wapi. Kama ukumbi ni wa wanawake peke yao, sisi wanaume tutakaa nje, hatutakufa. Lakini shoo ikiwa na viuno thelathini na wimbo mmoja wa maneno kumi, tutakuwa tumejenga tena bwawa lilelile la hoteli.

Tatu, na hii ndo ya haraka, kaulize. Nyanya yako wa Kisauni au Majengo, au rafiki yake, huenda alikuwa kwenye chama. Muulize kiliitwaje. Muulize sare ilikuwa rangi gani, mahasimu wao walikuwa nani, waliwahi kumwimba nani na alifanya nini mpaka akaimbwa. Usianze na simu mkononi. Kaa kwanza, kunywa chai, acha acheke. Akikuruhusu kurekodi, rekodi sauti. Picha inaweza kusubiri. Maneno ndo yanayopotea, na wenye kuyajua wamezeeka.